Mota Inayogoma Angani

Shamba la Mkonge, Kongowe
12 Juni 1954

Mama Siwema,

Nakusalimu wewe na mtoto, na wote wa Kibuta wanaoniulizia. Mwili wangu hauna neno. Kinachoniuma ni kichwa, na si maradhi.

Unataka kujua kwa nini Idi imepita sikuja, nikakuachia wageni peke yako. Sababu ni ile ndege ya Mgiriki wetu, Bwana Lambros. Unajua tulivyoijenga bandani kwa mbao na kitambaa, nduguyo Isihaka akichonga mbavu za mabawa, mimi nikifunga nyaya. Watu wa hapa walicheka sana. Basi tangu mwezi wa tatu inaruka, na waliocheka wamenyamaza.

Tatizo ni vibawa. Nyuma ya kila bawa kuna kibawa kinachoweza kuinama. Ndege ikitaka kutua, vibawa vikiinama inapunguza mwendo na kukaa chini taratibu. Visipoinama inakuja mbio na haitaki kusimama. Kiwanja chetu ni kifupi, kimekatwa katikati ya mkonge, na mwisho wake kuna korongo. Vibawa vinasukumwa na mota ndogo ya umeme ambayo Bwana aliitoa kwenye ndege mbovu ya vita. Mota hiyo ndiyo imeanza kugoma, tena inagomea angani tu. Ikiletwa bandani nikaijaribu inazunguka vizuri, na mimi naonekana mwongo.

Juzi iligoma Bwana akiwa anatua. Alipitiliza kiwanja, akasimama karibu kabisa na korongo. Jioni akaniita, akasema mkaguzi wa ndege anakuja kutoka Nairobi mwezi ujao, na hakuna mtu atakayetoka shambani kabla mota haijapona. Nikamkumbusha Idi. Akaniuliza kama Idi inaweza kuinamisha vibawa.

Isihaka ni mzima, anakula vizuri na anakusalimu. Mbusu Siwema.

Mumeo,
Pazi Mwinyimadi


Kibuta, Kisarawe
18 Juni 1954

Baba Siwema,

Barua yako Kibwana wa lori ameniletea ikiwa inanuka samaki. Nimeisoma mara mbili, ya kwanza kwa hasira. Wageni wa Idi walikula wakashiba, kisha wakauliza mwenye nyumba yuko wapi. Nikawaambia ana mke mwenzangu wa chuma huko Kongowe. Walicheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nilicheka kidogo.

Sasa nifahamishe. Mtu ana miguu, ana gari, barabara anayo, huko angani anafuata nini? Lakini hayo ni ya Mgiriki mwenyewe. Wewe mota unazijua. Vita nzima ulikuwa karakana ya jeshi Nairobi ukifungua na kufunga. Ifungue tena, utaona imekosa nini, kisha uje. Siwema ameanza kukaa, na kila mwanamume anayepita anamnyooshea mikono akidhani ni wewe. Naona haya.

Jambo la pili ndilo kubwa. Isihaka haniandikii. Mama alipotufia, Isihaka alikuwa hajaota meno. Nimemtafunia chakula kwa kinywa changu na nimembeba mgongoni nikiwa mwenyewe bado ni wa kubebwa. Ulipokuja kumwomba akafanye useremala huko, nilikukabidhi mbele ya baba, nikasema huyu ni ndugu yangu na sina mwingine. Hukusahau, najua. Ila nakukumbusha kwa sababu nimeota vibaya. Achonge mbao zake, basi. Kile kidude kikianza kunguruma, mwondoe karibu.

Mkeo,
Mwanaamina binti Kitwana


Kongowe
25 Juni 1954

Mama Siwema,

Ndoto ni ndoto. Usizipe chakula.

Nimeifungua mota kama ulivyoniamuru, na ungekuwa hapa ungenionea huruma. Mara ya kwanza niliona fyuzi imekatika, nikasema bila shaka waya umechubuka mahali unagusa chuma. Nimeufuata waya wote kwa vidole, kutoka betri hadi swichi, kutoka swichi hadi mota, nikaufunga utepe mpya. Ikaruka ikagoma. Nikasema ni kaboni, zile zinazopeleka umeme ndani ya mota, nikachonga nyingine. Ikazunguka bandani mpaka nikaimba. Ikaruka ikagoma. Nikabadilisha swichi. Nikasugua mahali waya wa betri unaposhika mwili wa ndege, panapopenda kuota kutu. Bwana akasema niweke fyuzi nene zaidi. Nimeweka, ingawa moyo haukutaka, maana fyuzi ikikatika ina sababu yake.

Wanaruka alfajiri kwa sababu hewa imetulia. Wakirudi, jua limeshapanda, bati la banda linachoma, na mimi naanza kutafuta. Nabonyeza swichi, vibawa vinashuka. Nabonyeza tena, vinapanda. Nashinda hapo natazama vikinichezea. Jana nimekaa chini ya bawa nikalia, Mama Siwema. Nakwambia wewe tu.

Isihaka anaomba umshonee fulana nzito, Kibwana amletee. Baridi ya juu imemtia kikohozi.

Nitakuja. Usiwaambie watu siku, kwa kuwa siku yenyewe siijui.

Mumeo,
Pazi


Kibuta
30 Juni 1954

Pazi,

Juu wapi?

Kwetu mtu akisema juu ni darini au mnazini, na huko kote hakuna baridi ya kumtia kikohozi mwanamume mzima. Nimeisoma sentensi ile nikaketi pale pale mlangoni. Kibwana alitaka kuondoa lori, nikasimama mbele yake na mtoto mkononi mpaka akasema. Amesema kila alfajiri ndugu yangu anafungwa mkanda nyuma ya Mgiriki. Amesema watu wote wa Kongowe wanajua. Kwa hiyo ninayefichwa ni mimi peke yangu.

Ulinisalimia kwa niaba yake. Uliniandikia anakula vizuri. Ukanieleza waya na kaboni na fyuzi, kurasa nzima, na mtu aliyekaa juu ya hayo yote hukumtaja! Unaniambia nisizipe ndoto chakula, na wewe ndiye unayempandisha.

Sina maneno mengi leo. Namtaka Isihaka. Simtaki kwa barua, namtaka hapa uani, na miguu yake yote miwili. Na mwambie aniandikie kwa mkono wake mwenyewe, maana wako siuamini tena.

Kama huwezi kunirudishia ndugu yangu mzima, na wewe usirudi.

Mwanaamina


Kongowe
4 Julai 1954

Dada yangu, shikamoo.

Shemeji ameniambia niandike, nami naandika, lakini unajua kalamu na mimi hatuelewani. Afadhali ungeniambia nikuchongee barua.

Dada, usimgombeze shemeji. Mimi ndiye niliyemkataza kukwambia. Bwana alitaka mtu mwepesi wa kukaa nyuma, aangalie mota kwenye kitundu na apige kelele ikigoma. Shemeji ana mwili mkubwa, akachaguliwa mwembamba. Mara ya kwanza niliogopa mpaka nikasahau dua zote ulizonifundisha. Sasa nimezoea. Nimeuona mto Ruvu wote kwa mara moja, na nilitafuta Kibuta nikakosa, minazi ni mingi.

Ila sitakuficha, tulipopitiliza mara ya pili nilifumba macho. Mota ilinguruma kidogo, ikanyamaza, na Bwana akaanza kupiga kelele kwa Kigiriki. Niliona mkonge unakuja. Ndege ilizunguka yenyewe kama ng'ombe aliyevutwa kamba, ikasimama. Tangu siku ile silali vizuri.

Tungeondoka, lakini tumetia saini mkataba hadi mwisho wa mwaka, na anayetoroka anafuatwa na askari hadi kwao. Sitaki waje uani kwako.

Fulana nimeipata. Mkono wa kushoto ni mrefu kuliko wa kulia, lakini ina joto.

Nduguyo,
Isihaka Kitwana


Kongowe
5 Julai 1954

Mama Siwema,

Una haki. Sikuandika uongo, lakini nilipanga ukweli ili usione, na hayo ni mabaya zaidi. Niliogopa uso wako. Hata kwenye karatasi niliuogopa.

Leo nimekwenda kwa Bwana, nikamwomba amwache Isihaka. Akaniuliza, "Fundi, wewe unaiamini kazi yako?" Nikasema naiamini. Akasema, "Basi kaa nyuma wewe." Nikakubali kabla hajamaliza. Isihaka amekasirika, anasema namfanya mtoto. Nimemwambia akuulize wewe.

Tunaruka Alhamisi alfajiri. Kwa kweli ni vizuri niende. Mwezi mzima naitafuta hitilafu bandani, na yenyewe inakaa angani. Nitaondoa kifuniko nikiwa na bisibisi, nitaitazama inapogoma, uso kwa uso.

Maneno yako ya mwisho nimeyasoma. Siyajibu. Niombee tu.

Pazi


Hospitali, Dar es Salaam
10 Julai 1954

Mama Siwema,

Aliyekuletea barua hii ni Isihaka. Mtazame. Miguu yake yote miwili iko hapo.

Samehe mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa.

Nikueleze kwa utaratibu, kwa sababu utasikia mengi njiani. Tuliruka Alhamisi kabla jua halijachomoza. Kule juu baridi ni kali, Isihaka hakutia chumvi. Upepo unaingia chini ya kiti na kupita pale pale penye mota. Tulizunguka hadi Ruvu, tukarudi, Bwana akabonyeza swichi. Mota ikanguruma, ikanyamaza. Nikaingiza mkono kwenye kitundu. Umeme ulikuwepo, niliisikia mota ikitetemeka. Kilichokataa kuzunguka ni ile skrubu ndefu inayosukuma vibawa. Nikaipapasa, vidole vikazama kwenye kitu kizito, cheupe, kama samli. Nikanusa.

Ni mafuta ya nazi, mke wangu. Skrubu ilipakwa mafuta ya nazi, na mafuta yaliganda.

Umekua nayo, unajua tabia yake. Wakati wa joto ni maji. Kipupwe kikiingia, asubuhi unaikuta chupa imekuwa jiwe, unaianika juani ndipo umpake mtoto. Bandani chini ya bati yanayeyuka, mota inazunguka. Angani yanaganda, inagoma. Mwezi mzima nimefuata nyaya zisizo na kosa lolote.

Nilimpigia Bwana kelele apande juu tena, tuzunguke jua litoke. Injini ilikuwa inanguruma, hakusikia, na kiwanja tulikuwa tumeshakiona. Basi nikafanya nilichoweza. Nikakwangua mafuta kwa kucha, nikaishika skrubu kwa kiganja kuipasha joto, nikapuliza. Ikaanza kwenda. Vibawa vikashuka nusu. Mkono wangu ulikuwa ndani bado, na skrubu haikuniuliza. Imechukua kidole cha shahada na jirani yake. Kisha fyuzi ikakatika. Tulishuka mbio, tukapita kiwanja, tukaingia mkongeni, bawa la kushoto likabaki nyuma. Korongoni hatukufika. Daktari wa Bwana anasema nusu ile ya vibawa ndiyo iliyotuokoa, mimi namwambia ni Mungu.

Bwana amevunjika nyonga. Amewaambia polisi kwamba fundi wake aliharibu mota makusudi kwa sababu alinyimwa ruhusa ya Idi. Kuna askari mlangoni kwangu. Tarehe 19 nitapelekwa kwa hakimu.

Mafuta nilitia mimi. Ni Januari ile mota ilipofunguliwa kusafishwa. Grisi ya Bwana ilikuwa imekauka, nikaona mafuta yako ni safi, nikapaka. Ndivyo nilivyowaandikisha polisi. Wakiniuliza tena nitasema hivyo hivyo. Ilikuwa makosa, si makusudi, na labda hakimu ataelewa.

Mkataba wa Isihaka umekufa pamoja na ndege. Mweke nyumbani. Asirudi huku kwa lolote, hata kuniona. Uliniambia nikurudishie ndugu yako, nami nimemrudisha.

Mumeo,
Pazi Mwinyimadi


Kibuta, Kisarawe
15 Julai 1954

Mume wangu,

Namshukuru Mungu kwa mkono wa kushoto, kwa miguu, kwa macho, kwa kila kilichobaki. Nilipofika pale kwenye kidole nilifunga barua nikaenda nyuma ya nyumba. Wanawake wa jirani walidhani nimefiwa. Wakaja na kanga zao kichwani, ikabidi niwaambie hajafa, hajafa.

Na sasa nisikilize. Wewe ni fundi wa mota, uongo huujui.

Mota ilifunguliwa Januari. Januari gani, Pazi? Wiki ile ulikuwa hapa. Ilikuwa arobaini ya Siwema. Ulimbeba mwenyewe ukamtoa nje, ukazunguka naye uani ukimwonyesha mlango, kinu, na mbuzi, na kila mtu akasema fundi amewehuka. Bwana wako alikuwa safarini, ndiyo maana ukapata nafasi. Bandani alibaki mtu mmoja. Na mtu huyo nilimpa chupa ya mafuta mimi, kwa mkono wangu, ajipake.

Sikumwuliza siku ile aliyofika. Alikuwa hali chakula. Kila nikimwita anaitika kama mtu aliyeamshwa. Juzi asubuhi nilitoa chupa ya Siwema, imeganda, nikaiweka karibu na jiko. Isihaka alikuwa amekaa pale akichonga mwiko. Akaitazama ile chupa, akaacha kisu.

Nikamwambia, "Sema."

Akasema, "Dada, randa yangu napaka hayo hayo. Msumeno napaka hayo hayo. Seremala gani anapaka kitu kingine? Nilikuta grisi imekuwa gome, skrubu inalia, nikaona haya mtu kuacha chuma kinalia. Nikaifuta, nikapaka. Nikasahau."

Akasema hakujua chochote mpaka ulipomwambia hospitali. Akasema ulimwapisha anyamaze. Ulimwambia, "Dada yako alikukabidhi kwangu." Alipofika hapo akaokota kisu, na mimi nilishindwa kumtazama.

Pazi, ile barua yangu ya mwisho wa Juni niliiandika kwa hasira. Nilijua itakuuma, nikaiandika hivyo hivyo. Sikujua utaipima kila neno kama nyaya zako. Nilisema usirudi. Sasa naona umetii. Umempandisha lori ndugu yangu, na wewe umebaki na askari mlangoni. Nani alikuomba unitii kiasi hicho? Siwema anakaa, anatambaa, anashika kila suruali inayopita, na mimi nimwambie baba yako alikwenda jela kwa sababu mama yako ana mdomo?

Siku mbili hizi sikulala, na nimegombana na nafsi yangu vibaya. Nafsi iliniambia, nyamaza, Mwanaamina. Pazi mwenyewe ameshasema ni yeye, ni mwanamume mzima, atakaa jela atatoka. Isihaka ni mwembamba, kifua chake kibovu, jela itamla. Nafsi ikaniambia huyu ulimtafunia chakula. Sikufichi, niliisikiliza. Jana mchana kutwa niliisikiliza, nikampikia wali wa nazi, nikamkalisha karibu yangu, nikafurahi kama mwizi.

Leo alfajiri nimeamka nikamkuta uani, amevaa ile fulana yenye mikono isiyolingana, anafunga randa yake kwenye gunia. Nikamwuliza anakwenda wapi. Akasema, "Dada, unajua ninakokwenda. Nizuie kama unataka." Akasimama akingoja. Kweli alinipa nafasi. Angezuiwa na neno langu moja, kama alivyozuiwa nalo tangu utoto.

Nimemfungia mihogo ya njiani. Nimemwambia avae shati jeupe mbele ya hakimu, aseme kama alivyoniambia mimi, randa na msumeno na chuma kinacholia, asiongeze na asipunguze. Kibwana amekubali kumfikisha hadi mlangoni kwako. Mimi nitakuja na mtoto Jumatatu, niseme mafuta yalikuwa ya nani na Januari mume wangu alikuwa wapi. Wakitaka kunicheka wanicheke.

Sijui watamfanya nini. Sijui kama watakuachia wewe, au watawashika wote wawili nibaki nimeshika chupa. Naogopa. Lakini siwezi kula naye sahani moja huku nikijua anakula kidole chako.

Aliyekuletea barua hii ni yeye, yuko mbele yako anasubiri umalize kusoma. Utataka kumfukuza, utataka kumwapisha tena. Mwache aseme. Safari hii, Baba Siwema, usinirudishie.

Mkeo,
Mwanaamina binti Kitwana